Mipaka ya Lugha ndani ya Daftari la Ukokotoaji: Uendeshaji wa Programu za Nje za Aljebra na Istilahi Zake kwa Kiswahili

Ikisiri

Madaftari ya ukokotoaji, hasa yale ya Jupyter, yameenea katika utafiti na ufundishaji wa hisabati kwa sababu yanaweka maelezo, msimbo na majibu katika ukurasa mmoja. Hata hivyo, mara nyingi jibu linaloonekana katika ukurasa huo halikutolewa na lugha ya programu ambayo daftari linatumia, bali na programu nyingine ya aljebra iliyoitwa kutoka nje, kama vile Maxima, GAP au PARI/GP. Makala haya yanaeleza namna wito huo unavyofanyika, yanaonyesha jinsi maana inavyoweza kubadilika au kupotea ujumbe unapovuka mpaka baina ya lugha mbili za programu, na yanajadili istilahi za Kiswahili zinazofaa kuutaja mpaka huo. Hoja kuu ni kwamba istilahi inayouficha mpaka humnyima msomaji uwezo wa kuhakiki jibu. Kwa msingi huo, makala yanapendekeza seti ndogo ya istilahi na kutoa mapendekezo matano kwa wanaoshauri kuhusu sera za lugha, elimu na utafiti.

Maneno muhimu: daftari la ukokotoaji, programu ya nje, aljebra ya kompyuta, kiini, istilahi, uhakiki

1.0 Utangulizi

Tuchukulie kwamba mtafiti wa hisabati amepokea faili kutoka kwa mwenzake wa chuo kikuu kingine. Faili hilo ni daftari la ukokotoaji. Analifungua katika kivinjari chake na kuona kila kitu mahali pake: maelezo, msimbo, milinganyo na majibu. Anapoamua kuliendesha upya ili ahakiki kazi hiyo, visanduku viwili vya kwanza vinafanya kazi na cha tatu kinakwama. Msimbo haukuwa na kosa. Kisanduku cha tatu kilikuwa kikiiita programu nyingine, ambayo katika kompyuta yake haipo. Ukurasa aliousoma haukumwambia kwamba programu hiyo ilihitajika.

Tukio la namna hii kwa kawaida hujadiliwa kama suala la ufundi wa kompyuta. Makala haya yanalijadili kama suala la lugha pia, kwa sababu mbili. Kwanza, kinachotokea ndani ya daftari la aina hiyo ni mawasiliano baina ya lugha mbili za programu zenye sarufi tofauti, na mengi yanayoharibika ni mambo ambayo mtaalamu wa tafsiri huyatambua mara moja. Pili, daftari la ukokotoaji ni chombo kinachoruhusu maelezo ya lugha ya kawaida kukaa bega kwa bega na msimbo. Mhadhiri anayetaka kufafanua hesabu zake kwa Kiswahili anaweza kufanya hivyo leo bila kungoja programu yenyewe itafsiriwe. Akianza tu kuandika, anakutana na swali: vitu hivi aviiteje?

Juhudi za kuipa kompyuta msamiati wa Kiswahili si ngeni. Mradi wa Kilinux, uliowakutanisha wataalamu wa kompyuta na wa lugha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Kazi hiyo ilishughulikia hasa maneno ya menyu na vitufe, yaani maneno ambayo mtumiaji huyabofya. Istilahi zinazojadiliwa hapa ni za aina nyingine. Ni maneno ambayo mwandishi huyahitaji anapoeleza kazi ilifanywa na nani na wapi. Neno la menyu likiwa baya, mtumiaji huchelewa kidogo. Istilahi ya maelezo ikiwa mbaya, msomaji huelewa jambo ambalo silo.

Mkabala unaofuatwa ni ule ulioasisiwa na Eugen Wüster wa Austria, ambao katika uundaji wa istilahi huanza na dhana na kumalizia na jina. Kwa sababu hiyo, sehemu ya 2 hadi ya 4 zinaeleza dhana zenyewe, na majina yanajadiliwa katika sehemu ya 5.

2.0 Daftari na Sehemu Zake

Wazo la kutenganisha ukurasa unaosomwa na programu inayokokotoa lilipata umbo linalofahamika leo katika Mathematica, iliyotolewa mwaka 1988. Katika programu huria, safari ilianza mwaka 2001 Fernando Pérez alipoanzisha IPython, chombo cha kuandikia amri za lugha ya Python na kupata majibu papo hapo. Daftari la IPython lilitolewa mwaka 2011. Mwaka 2014 sehemu zisizofungamana na Python zilitengwa na kuitwa Jupyter, jina linalokumbusha lugha tatu: Julia, Python na R.

Daftari la Jupyter lina sehemu nne, na kuzichanganya ndiko chanzo cha makosa mengi ya kimaelezo.

Sehemu ya kwanza ni ukurasa unaoonekana katika kivinjari. Umegawanywa katika visanduku: vingine vya maelezo, vingine vya msimbo. Ukurasa haukokotoi chochote. Sehemu ya pili ni seva, ambayo hupokea yaliyoandikwa, huyahifadhi na kuyapeleka yanakohusika. Seva hiyo inaweza kuwa katika kompyuta ileile ya mtumiaji, hivyo daftari linaweza kufanya kazi bila intaneti. Sehemu ya tatu ni kiini, yaani programu inayoendesha msimbo. Kiini kimoja huhudumia visanduku vyote vya daftari na hukumbuka thamani zilizowekwa tangu kikao kilipoanza. Ukurasa na kiini huwasiliana kwa ujumbe unaofuata itifaki maalumu, na kwa hiyo kiini chaweza kuwa cha lugha yoyote ilimradi kiifuate itifaki hiyo. Sehemu ya nne ni faili, ambalo ni maandishi ya muundo wa JSON yanayohifadhi maelezo, msimbo na majibu ya mara ya mwisho.

Faili hilo huhifadhi pia jina la kiini na lugha yake. Halihifadhi lenyewe majina wala matoleo ya programu za nje ambazo kiini hicho kiliziita. Jambo hili dogo ndilo lililomkwamisha mtafiti wetu wa mwanzo.

3.0 Njia za Kuita Programu ya Nje

3.1 Kwa nini kuita?

Mfumo wa aljebra ya kompyuta ni programu inayokokotoa kwa alama badala ya makadirio. Ukiipa theluthi moja, inabaki theluthi moja. Ukiipa polinomia, inaichanganua kwa vigawo vyake. Mifumo hiyo imejengwa kwa miongo mingi na kila mmoja una ubingwa wake. Maxima imetokana na Macsyma, iliyoanza kuandikwa MIT mwishoni mwa miaka ya 1960. William Schelter ndiye aliyepata ruhusa ya kuitoa kama programu huria mwaka 1998. GAP, iliyoanza Aachen mwaka 1986, ni bingwa wa nadharia ya makundi. PARI/GP ya Bordeaux ni bingwa wa nadharia ya namba, na Singular ya Kaiserslautern ni bingwa wa milinganyo ya polinomia.

Hakuna mtafiti mwenye muda wa kuandika upya kazi ya miaka hamsini. Hivyo njia ya busara ni kuziita programu hizo zilipo. SageMath, iliyoanzishwa na William Stein mwaka 2005, ilijengwa kwa msingi huo: kuziunganisha programu huria nyingi chini ya lugha moja mwenyeji, yaani Python.

3.2 Njia nne

Njia ya kwanza ni kukifanya mfumo wa aljebra kuwa kiini chenyewe. Vipo viini vya Jupyter vya GAP, Singular, PARI na Maxima. Vitatu vya kwanza viliendelezwa na mradi wa Ulaya wa OpenDreamKit wa miaka ya 2015 hadi 2019. Hapa hakuna mpaka wa kuvuka, kwa sababu daftari zima linasema lugha moja. Hasara yake ni kwamba mtumiaji hukosa kwa urahisi vyombo vingine, kama vile vya kuchora grafu au kusoma data.

Njia ya pili ni kuiendesha programu ya nje kama mchakato tofauti. Kiini huianzisha, huipa msimbo kama maandishi na husoma majibu kama maandishi. Katika SageMath, kisanduku kinachoanza kwa amri ya %%gap hupelekwa chote kwa GAP:

%%gap
G := SymmetricGroup(5);
Size(G);

Jibu ni 120, ambayo ni idadi ya njia za kupanga vitu vitano. Kisanduku hiki hakina hata neno moja la Python, ingawa daftari ni la SageMath. SageMath hufanya kazi hii kwa terminali bandia: huiandikia GAP kana kwamba ni mtu anayebonyeza kibodi, kisha husubiri alama ya kungojea amri irudi ndipo ijue kwamba jibu limekamilika.

Njia ya tatu ni kuunganisha programu ya nje kama maktaba ndani ya mchakato uleule wa kiini. Libgap hufanya hivyo kwa GAP. Kinachovuka mpaka hapa ni vitu vyenyewe vilivyomo katika kumbukumbu ya kompyuta, si maandishi, na hivyo kazi huwa ya haraka na makosa ya kusoma maandishi hupungua. Gharama yake ni kwamba programu mbili zinaishi nyumba moja: moja ikianguka ghafla, hata nyingine huanguka.

Njia ya nne ni kutumia lugha ya kati. OpenMath ni mfumo wa kuandika vitu vya hisabati pamoja na maana zake, na maana hizo zimefafanuliwa katika kamusi za maudhui zilizokubaliwa. Itifaki ya SCSCP huiwezesha mifumo ya aljebra kuombana kazi kwa kutumia OpenMath, hata ikiwa katika kompyuta zilizo mbali. Kwa mwanaisimu, njia hii ndiyo iliyo karibu zaidi na kazi ya istilahi: pande mbili zinakubaliana kwanza kuhusu dhana, kisha kila upande unatumia jina lake.

4.0 Yanayoharibika Mpakani

4.1 Ishara moja, maana nyingi

Wafasiri hutahadharishwa kuhusu maneno yanayofanana kwa umbo katika lugha mbili na kutofautiana kwa maana. Lugha za programu zimejaa maneno ya aina hiyo, na ni hatari zaidi kwa sababu hayatoi kosa. Yanatoa jibu jingine tu. Jedwali la 1 linaonyesha mifano minne.

Jedwali la 1: Msimbo uleule katika lugha tatu

| Msimbo | Python | GAP | Maxima |
|---|---|---|---|
| 2^3 | 1 | 8 | 8 |
| 1/3 | 0.3333333333333333 | 1/3 | 1/3 |
| a = 5 | huipa a thamani 5 | hulinganisha a na 5 | huunda mlinganyo |
| L[1] | kipengele cha pili | kipengele cha kwanza | kipengele cha kwanza |

Mstari wa kwanza unahitaji ufafanuzi. Katika Python alama ya ^ si ya kipeo. Hulinganisha tarakimu za namba mbili zilizoandikwa kwa mfumo wa jozi, na kwa 2 na 3 jibu ni 1. SageMath, ingawa imejengwa juu ya Python, huubadilisha msimbo kabla ya kuuendesha ili 2^3 iwe 8 kama mwanahisabati anavyotarajia. Kwa hiyo hata jina la lugha mwenyeji halitoshi kumwambia msomaji maana ya ishara. Ni lazima ajue kiini ni kipi.

4.2 Jibu linalorudi kama maandishi

Katika njia ya pili, kinachorudi kutoka nje ni mfuatano wa herufi. Tuseme Maxima imeitwa kutoka daftari la kawaida la Python na kurudisha theluthi moja. Python haijapokea namba. Imepokea herufi tatu: moja, mkwaju na tatu. Ikiambiwa ijumlishe jibu hilo na jingine kama hilo, itayaunganisha maandishi na kutoa 1/31/3. Ni lazima jibu ligeuzwe kwanza kuwa namba ya lugha mwenyeji. Katika SageMath, kitu kilichotoka Maxima hugeuzwa kwa amri ya .sage(), na kabla ya hapo kinabaki kitu cha kigeni.

Muonekano wa jibu nao huleta shida. Kwa kawaida Maxima huandika jibu kwa umbo la kumpendeza msomaji binadamu, ambapo vipeo hukaa katika mstari wa juu na sehemu huandikwa kwa mistari mitatu. Programu nyingine ikisoma maandishi hayo mstari kwa mstari, haipati maana. Mtumiaji hulazimika kuiagiza Maxima iandike jibu katika mstari mmoja kwa kuweka display2d:false. GAP nayo hukata namba ndefu mwishoni mwa mstari na kuweka alama ya mkwaju wa nyuma. Binadamu huielewa alama hiyo, lakini programu isiyoijua husoma namba mbili palipo na moja.

4.3 Swali lisilo na wa kulijibu

Mfano unaofundisha zaidi unatoka katika Maxima. Mtumiaji anaiomba itafute intigrali ya x kwa kipeo cha n, yaani hesabu iliyo kinyume cha kutafuta kiwango cha mabadiliko:

integrate(x^n, x);

Maxima haijibu. Inauliza: je, n ni sawa na −1? Swali hilo ni halali kabisa. Ikiwa n si −1, jibu ni x kwa kipeo cha n+1, kugawanywa kwa n+1. Ikiwa n ni −1, kanuni hiyo ingelazimisha kugawanya kwa sifuri, na jibu sahihi ni logi asilia ya x. Mtu aliyekaa mbele ya Maxima angejibu ndiyo au hapana na kazi ingeendelea.

Ndani ya daftari, mbele ya Maxima hakuna mtu. Yupo kiini kinachosubiri jibu, huku Maxima ikisubiri jibu la swali lake. Msimbo ukiwa umepelekwa kama maandishi mfululizo, mstari unaofuata husomwa kana kwamba ndio jibu la swali. Kiolesura cha SageMath kimetunza jambo hili kwa uangalifu: kikigundua swali, hukatiza kazi na kumrudishia mtumiaji ujumbe kwamba Maxima inahitaji masharti zaidi, ikimshauri ayatamke kwa amri ya assume kisha arudie.

Utatuzi huo una gharama iliyojificha. Sharti likishatamkwa mwanzoni mwa daftari, majibu yote yanayofuata hulitegemea kimyakimya. Msomaji anayefungua kisanduku cha ishirini huona jibu safi lisilo na sharti. Mazungumzo yaliyozaa jibu hilo hayaonekani tena. Katika hisabati iliyoandikwa kwa mkono, mwandishi angeandika "ikiwa n si sawa na −1", na mwanafunzi angejua mipaka ya kanuni. Daftari halilazimishi mtu aandike hivyo. Ni maelezo ya lugha ya kawaida pekee yanayoweza kulirudisha sharti hilo mahali pake, na hapo ndipo ubora wa Kiswahili cha mwandishi unapogusa usahihi wa hisabati yenyewe.

4.4 Kumbukumbu ya ukurasa na kumbukumbu ya kiini

Ukurasa hukumbuka majibu hata baada ya kiini kuzimwa. Kiini kikianzishwa upya husahau kila thamani, na mchakato wa programu ya nje kilioufungua hufungwa pamoja nacho. Zaidi ya hayo, namna ya kuita huamua urefu wa kumbukumbu. Kisanduku kinachoita programu kupitia amri ya %%bash huanzisha mchakato mpya ambao hufa kisanduku kinapomalizika, na thamani iliyowekwa humo haipatikani katika kisanduku kinachofuata. Kisanduku cha %%gap huendelea na kikao kilekile. Kwa macho, visanduku hivyo viwili vinafanana.

Ukubwa wa tatizo la jumla umepimwa. Utafiti wa Pimentel na wenzake uliotolewa mwaka 2019 ulikusanya madaftari ya Jupyter zaidi ya milioni 1.4 kutoka GitHub. Kati ya yale waliyojaribu kuyaendesha upya, takriban asilimia 24 tu yalifika mwisho bila kosa, na takriban asilimia 4 tu yalitoa majibu yaleyale. Madaftari hayo hayakuchaguliwa kwa sababu ya kuita programu za aljebra. Hata hivyo, kila programu ya nje inayoongezwa ni kitu kimoja zaidi kinachoweza kukosekana.

5.0 Istilahi Zinazopendekezwa

5.1 Daftari

Neno daftari linakubalika na limeshazoeleka. Lina maana mbili katika matumizi ya kila siku: daftari la mwanafunzi, linaloandikwa na kufutwa, na daftari rasmi la kumbukumbu, kama daftari la wapiga kura au daftari la hesabu za duka. Maana ya pili inatufaa zaidi, kwa kuwa daftari la aina hiyo huwekwa ili likaguliwe. Makala yanapendekeza daftari la ukokotoaji.

5.2 Kiini na kisanduku

Kwa programu inayoendesha msimbo, majina matatu yanashindana: keneli, injini na kiini. Keneli halimwambii kitu asiyejua tayari. Injini linaeleweka, lakini huhitajika pia kwa programu za nje, ambazo nazo zinakokotoa, na kwa hiyo linafuta tofauti tunayotaka kuilinda. Kiini ni bora: ni neno la asili, fupi, na hubeba wazo la sehemu ya ndani yenye uhai.

Kuna tahadhari moja. Sehemu za ukurasa zikiitwa seli, kama ilivyozoeleka katika programu za majedwali, mgongano unazuka. Mwanafunzi wa biolojia amefundishwa kwamba kila seli ina kiini chake. Akisoma kwamba daftari lina seli na kiini, ataelewa kwamba kila seli ya daftari ina kiini chake, na kwamba thamani iliyowekwa katika seli moja haijulikani katika nyingine. Ukweli ni kinyume: kiini ni kimoja na visanduku vyote hushirikiana kumbukumbu yake. Istilahi mbili, kila moja nzuri ikiwa peke yake, zinafundisha kosa zikiwekwa pamoja. Ndiyo maana makala haya yametumia kisanduku tangu mwanzo. Funzo pana ni kwamba istilahi zisipimwe mojamoja bali kwa familia.

5.3 Amri elekezi

Amri zinazoanza kwa %% zimepewa katika Kiingereza jina lenye maana ya uchawi. Mtafsiri wa neno kwa neno angefikia uchawi au kiinimacho. Jina hilo ni la utani miongoni mwa waandishi wa programu, lakini likiingizwa katika kitabu cha kiada cha Kiswahili litafanya kazi mbaya. Litasema kwamba kinachotokea hakielezeki, ilhali kinachotokea ni jambo la kawaida kabisa: kisanduku kinaelekezwa kwa programu nyingine. Makala yanapendekeza amri elekezi, kwa sababu jina hilo linautaja mpaka badala ya kuufunika.

5.4 Kutafsiri na kugeuza

Maandishi ya kufundishia hutumia kutafsiri kwa shughuli mbili tofauti: kuuandika upya msimbo wa lugha moja kwa sarufi ya nyingine, na kubadilisha thamani iliyopokelewa iwe kitu cha lugha mwenyeji. Inafaa kutafsiri kubaki na maana ya kwanza, na kugeuza kuchukua ya pili. Kwa hiyo 2^3 hutafsiriwa, lakini theluthi moja iliyorudi kama herufi hugeuzwa.

Jedwali la 2: Muhtasari wa istilahi

| Istilahi | Dhana |
|---|---|
| daftari la ukokotoaji | hati inayobeba maelezo, msimbo na majibu |
| kisanduku | sehemu moja ya ukurasa, ya maelezo au ya msimbo |
| kiini | programu inayoendesha visanduku vyote vya msimbo |
| lugha mwenyeji | lugha ya programu ambayo kiini huielewa |
| programu ya nje | programu inayoitwa na kiini ili ikokotoe |
| amri elekezi | amri inayopeleka kisanduku kwa programu ya nje |
| kiolesura | sehemu inayobeba ujumbe kati ya kiini na programu ya nje |
| kugeuza | kubadilisha thamani iliyopokelewa iwe kitu cha lugha mwenyeji |
| kikao | muda ambao kiini au programu ya nje hukumbuka thamani zake |

6.0 Mapendekezo kwa Sera

Kwanza, taasisi zinazogharimia au kuchapisha utafiti ziagize kwamba kila daftari linaloambatanishwa na makala lianze na kisanduku cha maelezo kinachotaja kiini, programu zote za nje na matoleo yake. Maelezo hayo hayagharimu chochote, na faili lenyewe haliyatunzi.

Pili, daftari liendeshwe lote kuanzia mwanzo kwa kiini kilichoanzishwa upya kabla ya kuwasilishwa. Jibu lililobaki katika ukurasa lisikubaliwe kama ushahidi.

Tatu, kila sharti lililotamkwa kwa programu ya nje liandikwe pia kwa lugha ya kawaida karibu na jibu linalolitegemea.

Nne, pale inapowezekana, programu ya nje iwe huria. Daftari linaloita programu ya kulipia leseni haliwezi kuhakikiwa na chuo kisichoweza kulipia leseni hiyo. Programu huria zaweza kuwekwa katika seva ya chuo na kutumika hata intaneti inapokatika, na toleo lililotumika laweza kuhifadhiwa pamoja na daftari.

Tano, vyombo vya lugha, yaani mabaraza ya Kiswahili na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, viandae istilahi za ukokotoaji kwa ushirikiano na wanahisabati na wataalamu wa kompyuta, na vizijaribu kwa kuandika madaftari halisi kabla ya kuzisanifisha. Mgongano wa kiini na seli hauonekani katika orodha ya maneno. Huonekana pale mtu anapoandika sentensi ya kufundishia.

Huenda ikasemwa kwamba jitihada hizi ni za bure, kwa kuwa amri zenyewe, kama integrate na Size, zitabaki za Kiingereza. Hoja hiyo ina uzito, lakini inachanganya mambo mawili. Amri ni ishara zilizokwisha kukubaliwa, kama alama za kujumlisha na kutoa, na mwanafunzi hujifunza chache tu. Maelezo ndiyo yanayobeba sababu, masharti na mipaka, na hayo ndiyo mwanafunzi hushindwa kuyafuata yakiwa katika lugha asiyoimudu. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na Umoja wa Afrika ulikipokea kama lugha ya kazi mwaka 2022. Hadhi hizo zitapimwa pia kwa uwezo wa lugha kubeba maelezo ya aina hii.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba daftari la ukokotoaji linaloita programu ya nje ni hati yenye wasemaji zaidi ya mmoja. Ukurasa huonyesha, kiini huendesha, programu ya nje hukokotoa, na kiolesura hubeba ujumbe. Makosa yaliyojadiliwa, yaani ishara zenye maana mbili, majibu yanayorudi kama herufi, maswali yasiyo na wa kuyajibu na kumbukumbu zinazotofautiana, yote hutokea katika mpaka baina ya wasemaji hao. Msomaji anayeujua mpaka anaweza kuuliza jibu limetoka wapi na kwa sharti gani. Kazi ya istilahi ya Kiswahili katika uwanja huu ni kumwezesha aulize hivyo. Utafiti zaidi unahitajika darasani, hasa kuhusu namna wanafunzi wanavyozielewa istilahi za kiini, kisanduku na kikao baada ya kuandika daftari lao la kwanza kwa Kiswahili.